Karatasi za Rais na Vinywa vya Wazee

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, nikikuuliza Rais akitoka Ikulu hutoka na nini, najua utanijibu upesi kwamba hutoka na pensheni, walinzi na magari. Sitakupinga. Lakini kuna kitu kingine ambacho hubaki nyuma na ambacho hatukiulizii hata kidogo, nacho ni karatasi. Miaka 10 ya kutawala ni barua, ni kumbukumbu za mikutano ya mawaziri, ni ripoti za machifu na madisii, ni hotuba zilizosahihishwa kwa kalamu pembeni, ni maombi ya wananchi wanaotaka daraja au zahanati. Karatasi hizo huenda wapi? Nani anaruhusiwa kuzisoma? Na yale mambo ambayo hayakuandikwa popote, yaliyosemwa tu kwa mdomo, nani anayashika?

Swali hili linatuhusu sisi wa Othaya kuliko wengi. Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya, alizaliwa Gatuyaini mwaka wa 1931. Alikuwa mbunge wa hapa tangu 1974, na aliiongoza nchi kuanzia tarehe 30 Desemba 2002 hadi tarehe 9 Aprili 2013. Alifariki tarehe 21 Aprili 2022, na siku 9 baadaye akazikwa nyumbani kwake hapa Othaya. Wengi wetu tunaolisoma jarida hili tulikuwa tungali tunabebwa mgongoni alipotoka Ikulu. Basi sisi tunamjua kwa kusikia, na kwa ile sarafu ya shilingi 40 yenye sura yake iliyotolewa mwaka wa 2003.

Katika makala haya nataka tujifunze jinsi utawala wa rais unavyochunguzwa baada ya kwisha. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni nyaraka, yaani kila kilichoandikwa au kurekodiwa wakati kazi ikifanyika. Ya pili ni masimulizi, yaani maneno ya watu waliokuwepo, yaliyokusanywa baadaye kwa kuwahoji. Nitaanza mbali, huko Marekani, kwa kuwa ndiko kazi hii imefanywa kwa bidii na kwa pesa nyingi, kisha tutarudi nyumbani.

WAMAREKANI NA KARATASI ZAO

Msidhani Wamarekani walizaliwa wakijua kutunza karatasi. La hasha! Kwa zaidi ya miaka 150, Rais wa huko alipoondoka alibeba karatasi zake kama mtu anavyobeba viatu vyake. Zilikuwa mali yake. Mwana wa Abraham Lincoln alizikabidhi za baba yake kwa Maktaba ya Bunge, lakini akaweka sharti kwamba zisifunguliwe mpaka miaka 21 ipite baada ya kifo chake yeye mwenyewe. Lincoln aliuawa mwaka wa 1865. Karatasi zake zikafunguliwa 1947. Warren Harding naye alifariki mwaka wa 1923 akiwa madarakani, na mjane wake akatia moto sehemu ya karatasi za mumewe. Zilizokuwa ndani ya moto ule hakuna mwanahistoria atakayezisoma tena.

Aliyebadili mambo ni Franklin Roosevelt. Alijenga maktaba katika shamba la familia yao kule Hyde Park, jimbo la New York, akaitoa kwa serikali, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1941 yeye akiwa bado Rais. Mwaka wa 1955 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya maktaba za marais: Rais au marafiki zake wajenge jengo, na serikali ilisimamie pamoja na karatasi zilizomo. Hebu tazama mahali penyewe. Hyde Park si mji mkuu. Maktaba ya Herbert Hoover iko West Branch, kijiji alichozaliwa katika jimbo la Iowa. Ya Harry Truman iko Independence, mji wa kwao Missouri. Mtoto wa huko huenda kwa miguu akasoma barua za Rais aliyekulia mtaani kwao. Fikiria jengo la namna hiyo likisimama hapa kwetu, kilima cha Karima kikilitazama!

Hata hivyo sheria ile ya 1955 ilitegemea hiari. Rais angeweza kukataa. Hapo ndipo alipotokea Richard Nixon. Huyu alikuwa ametega vyombo vya kurekodi katika ofisi yake mwenyewe, na kila neno lilinaswa. Ilipozuka kashfa ya Watergate, Mahakama ya Juu ikamwamuru mwezi wa Julai 1974 atoe kanda. Kanda moja ilikuwa tayari imeonekana ina pengo la dakika 18 na nusu. Agosti akajiuzulu. Alipotaka kuondoka na kanda zake, Bunge likamzuia kwa sheria mwaka uo huo, na mwaka wa 1978 likapitisha nyingine iliyo kali zaidi: karatasi za kazi ya Rais ni mali ya umma, kuanzia Rais atakayeapishwa mwaka wa 1981. Kumbe ilibidi Rais mzima aanguke ndipo wananchi wakajua kwamba karatasi za Ikulu ni zao!

Upande wa masimulizi nao una habari yake. John Kennedy alipigwa risasi tarehe 22 Novemba 1963. Mwaka uliofuata, machozi hayajakauka, watu walianza kuzunguka na mashine za kurekodi wakiwahoji ndugu zake, mawaziri, mabalozi na wafanyakazi wake. Mjane wake, Jacqueline, alihojiwa mwaka huo wa 1964, na maneno yake yakafungiwa hadi 2011. Huenda mtu akauliza, kama karatasi zipo tele, ya nini kuhangaika na vinywa? Jibu ni kwamba karatasi husema lililoamuliwa, lakini ni nadra iseme nani alinyamaza kwa hofu, nani aligonga meza, na nani alipigiwa simu usiku. Mambo hayo hukaa kichwani mwa mtu, na mtu hufa.

KARATASI INAPOMSAHIHISHA MTU

Sasa tuchukue mfano unaounganisha Kennedy na Nyeri yetu. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alianzisha mpango wa kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka wa 1960 walikuwa wengi zaidi na nauli haikuwapo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Mwezi wa Julai Mboya akamwendea Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Wakati huo Kennedy alikuwa seneta anayewania urais dhidi ya Nixon. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na ghafla ile wizara nayo ikapata pesa! Siasa ni siasa kila mahali.

Miongoni mwa waliosafiri Septemba 1960 alikuwa msichana wa Ihithe, Nyeri, aliyekuwa ametoka shule ya Loreto Limuru. Alipelekwa chuo kimoja mjini Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu shahada ya sayansi mwaka wa 1964. Huyo ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyekuja kuwa mbunge wa Tetu, waziri msaidizi katika serikali ya Kibaki, na mwaka wa 2004 mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa hiyo karatasi za familia moja ya Boston zina kipande cha historia ya Nyeri ndani yake.

Lakini sikiliza hili. Mwezi wa Machi 2007 Barack Obama, akiwa anatafuta urais, alihutubia mji wa Selma, akasimulia kwamba baba yake aliletwa Marekani na mpango huo uliolipiwa na akina Kennedy. Ni hadithi tamu, na pengine ndivyo alivyoisikia. Mwaka wa 2008 waandishi wa gazeti la Washington Post walichukua tarehe wakazipanga. Baba Obama alifika chuoni Hawaii mwaka wa 1959. Pesa za Kennedy zilitoka mwaka wa 1960. Haiwezekani shilingi ya mwaka huu ilipe nauli ya mwaka jana. Msemaji wa Obama akakubali kwamba kauli ile haikuwa sahihi.

Kuna mafunzo hapo kwa yeyote atakayekwenda kumhoji babu yake. Obama hakuwa na haja ya kudanganya. Kumbukumbu ya mtu huvuta tukio dogo ikaliambatanisha na jina kubwa. Tuseme mzee wa Othaya anakwambia kwamba lami ya kwao ililetwa na Kibaki. Huenda ni kweli, na huenda ililetwa zamani wakati wa Moi, ila Kibaki ndiye anayekumbukwa. Hapo huanzi kubishana na mzee! Unamshukuru, unaandika kama alivyosema, kisha unakwenda kutafuta karatasi.

MTU ANAPOISAHIHISHA KARATASI

Msije mkadhani basi kwamba karatasi ni mama wa ukweli. Karatasi huandikwa na mtu, na mwenye kuandika ana bosi wake.

Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa katika kambi ya Hola kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba walifariki baada ya kunywa maji. Eti maji! Uchunguzi wa vifo ndio uliokuja kuonyesha majeraha. Mwanafunzi ambaye angeisoma taarifa ile peke yake angedhani Hola palikuwa na ugonjwa wa tumbo.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walichagua faili ambazo wangeziacha na faili ambazo wangezichoma au kuzisafirisha kwao. Kwa karibu miaka 50 wazee walioteswa katika kambi za wakati wa Hali ya Hatari, wengi wao wa Nyeri, Murang'a na Kiambu, walieleza yaliyowapata, nao wakubwa wakajibu kwamba hayo ni maneno matupu, ushahidi uko wapi? Mwaka wa 2009 wazee wachache walikwenda mahakamani London. Kesi ikiendelea, mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba kulikuwa na faili za Kenya zipatazo 1,500, masanduku 300 hivi, zilizofichwa katika jumba moja liitwalo Hanslope Park. Ndani yake mlikuwa na barua za maofisa wakijadili mapigo yale yale ambayo wazee waliyaeleza. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Tafakari mpangilio wa mambo, ndugu msomaji. Vinywa vilitangulia, karatasi zikafuata. Lau wazee wale wangekaa kimya, au lau wangekuwa wamekwisha kufa wote, nani angeuliza habari za masanduku 300?

TURUDI KWA KIBAKI

Sheria ya Kenya inasemaje? Tuna Makavazi ya Kitaifa, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1965. Ndilo jengo lile la Moi Avenue, Nairobi, lililokuwa Benki ya India zamani, ambalo watu wa Nairobi hulitumia zaidi kama mahali pa kukutania kuliko mahali pa kusomea. Mtu akikwambia, "Nitakungoja pale Archives," hana nia ya kukuonyesha faili. Humo mna ripoti za kila mwaka za madisii wa Nyeri tangu ukoloni, na mtu mwenye kibali cha utafiti huketi akazisoma.

Ila kwa faili za serikali kuna kanuni ya miaka 30. Kwa kawaida faili haifunguliwi kwa umma mpaka ifikishe umri huo. Piga hesabu mwenyewe. Faili ya 2003, mwaka wa kwanza wa Kibaki, itangoja 2033. Ya 2008, mwaka mchungu kuliko yote, itangoja 2038. Za mwaka aliotoka zitangoja 2043. Ni kweli kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, ambayo Kibaki mwenyewe aliitia sahihi, kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaeleza njia ya kuziomba. Hata hivyo kuomba ni kuomba. Na sheria ya maktaba za marais kama ile ya Marekani, sisi hatuna.

Je, tukae tukingoja? Hapana. Ziko karatasi nyingi zilizo wazi tayari, tena watu hawazigusi. Kuna Hansard, kumbukumbu za kila neno lililosemwa Bungeni. Kibaki aliingia Bungeni mwaka wa 1963 akiwa mbunge wa Nairobi, akahamia Othaya 1974, na kwa miaka mingi alikuwa Waziri wa Fedha aliyesoma bajeti. Kuna Gazeti Rasmi la Serikali lenye uteuzi wa kila mkubwa. Kuna ripoti mbili za mwaka wa 2008 kuhusu uchaguzi wa 2007, ya Tume ya Kriegler na ya Tume ya Waki.

Hizi mbili za mwisho nitazitaja zaidi, ingawa najua si habari ya kupendeza. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulizozaniwa, Kibaki akaapishwa jioni ya tarehe 30, na nchi ikawaka. Tume ya Kriegler ilisema kwamba hesabu za kura zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Tume ya Waki ilizunguka ikisikiliza mashahidi, ikaandika kwamba watu 1,133 waliuawa. Baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, ikatoa ripoti yake Mei 2013, Kibaki akiwa amekwisha kuondoka. Angalia jinsi kinywa kilivyogeuka karatasi hapo. Mama aliyelia mbele ya tume leo ni ukurasa wa ripoti.

Utawala ule ulikuwa hata na kanda zake, kama za Nixon, ila hizi hazikutegwa na Rais. John Githongo, Katibu wa Kudumu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi mwaka wa 2003, alirekodi kwa siri mazungumzo na wakubwa wenzake kuhusu mikataba ya Anglo Leasing. Mwaka wa 2005 akajiuzulu akiwa Uingereza, na 2006 dunia ikasikia baadhi ya kanda. Mpaka leo watu wanabishana juu ya maana ya yaliyosemwa. Mimi sitaamua kesi hiyo katika jarida la shule. Nasema tu kwamba kanda nazo huhitaji kuulizwa maswali: nani aliwasha mashine, na kabla hajaiwasha walikuwa wanazungumza nini?

KISWAHILI KINAINGIA WAPI?

Huenda mwalimu wa Historia anasema, makala haya ni yangu, yameingiaje kwa Chama cha Kiswahili? Ngoja nieleze.

Karatasi za serikali ya Kenya, karibu zote, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mihtasari ya mawaziri ni Kiingereza. Ripoti za tume ni Kiingereza. Lakini Rais hakuzungumza na watu wa Othaya kwa Kiingereza. Siku za sikukuu ya taifa husomwa hotuba iliyopigwa chapa, kisha Rais huiweka kando akaanza kuongea, na hapo ndipo watu husogea mbele. Kibaki alikuwa bingwa wa sehemu hiyo ya pili. Mzee ambaye katika Hansard anajieleza kwa Kiingereza safi cha mchumi wa Makerere na London, akishika maikrofoni uwanjani aliweza kumwita mtu pumbavu, au kusema jambo fulani ni mavi ya kuku. (Mwalimu mlezi aniwie radhi, hiyo ni nyaraka ya kihistoria!) Ukiitafuta kauli kama hiyo katika hotuba iliyopigwa chapa, utaikosa. Imebaki kwenye kanda za redio na televisheni, na katika vicheko vya watu waliokuwa uwanjani.

Hata tarehe za wazee ziko katika Kiswahili cha mitaani. Mzee hakwambii 2005. Anakwambia mwaka wa ndizi na chungwa, kwa sababu katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba mwaka huo ndizi ilikuwa ndiyo na chungwa lilikuwa la. Hakwambii serikali ya muungano iliyotokana na mkataba wa tarehe 28 Februari 2008; anakwambia serikali ya nusu mkate. Hakwambii uchaguzi wa 1988; anakwambia mlolongo. Atakayeandika historia ya Kibaki bila kuyajua maneno hayo atapita kando ya mlango bila kuuona.

Tena kuna lugha ya mama. Cucu yako atakueleza kwa Kikuyu, na ukitafsiri kwa haraka unapoteza nusu. Kwa hiyo andika kwanza kwa lugha aliyosema, kisha tafsiri kwa Kiswahili. Hii ndiyo kazi ambayo sisi wanachama tuna ujuzi nayo kuliko wenzetu wa kompyuta.

JINSI YA KUHOJI

Usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari haijawahi kumkosesha mtu hadithi. Eleza unachotaka na utakachofanya nacho, na uombe ruhusa; mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe. Akikuambia jina lake lisitajwe, andika tu umri, kijiji na kazi aliyofanya. Kama mzazi atakuazima simu, rekodi. Kama hakuna, daftari na kalamu vinatosha, bora uandike mara moja kabla hujalala.

Usiulize, "Je, Kibaki alikuwa kiongozi mzuri?" Ukiuliza hivyo utapewa siasa, na siasa tunayo ya kutosha. Uliza alichokiona kwa macho yake. Ulikuwa wapi siku ya kura ya 1974? Nani alikuja kukuomba kura, akiwa na gari gani? Mwaka wa 2003 masomo ya msingi yalipofanywa bila malipo, watoto wangapi wa boma hili walirudi shule? Vitabu vya serikali vinasema wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi katika mwaka mmoja. Hiyo ni tarakimu. Mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza Januari ile ndiye atakayekwambia waliketi wapi, na wangapi walikuwa na ndevu. Uliza bei ya majani ya chai na kahawa, na uombe kuona risiti za zamani kama hakuzitupa. Risiti ya mwaka wa 1977 chini ya godoro ni nyaraka sawa na barua ya waziri.

Mzee akikosea tarehe, usimkatize. Mwulize nini kilitangulia na nini kilifuata: hili lilikuwa kabla ya jaribio la mapinduzi la 1982 au baada yake? Kabla ya mlolongo au baada yake? Hivyo ndivyo utakavyoipata tarehe bila kumfanya ajihisi yuko kortini.

Na sasa jambo gumu. Tukikusanya maneno ya Othaya peke yake tutapata historia ya upande mmoja. Hapa alikuwa mtoto wetu. Kura za hapa zilikuwa zake. Kuna watu waliofurushwa Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008 wakafika Nyeri na vitanda vyao, na hadithi zao lazima ziandikwe. Lakini Kisumu nako kuna mzee ambaye mwanawe alipigwa risasi na polisi wa serikali hiyo hiyo mwezi huo huo, na Kibaki anayemkumbuka yeye si huyu wetu. Maktaba ya kule Boston iliwahoji watu waliompenda Kennedy wengi kupita kiasi, na wasomi wengi wamelisema hilo. Sisi tusirudie.

Ndiyo maana mkutano wa chama umekubali tuandikie vyama vya Kiswahili vya shule mbili, moja ya Kisumu na moja ya Uasin Gishu, tuwaombe wanachama wao wawahoji wazee wa kwao kwa maswali yale yale: ulikuwa wapi siku Kibaki alipoapishwa 2002, na ulikuwa wapi siku alipoapishwa 2007? Tutabadilishana majibu kwa Kiswahili, maana Kikuyu chetu hawakijui, wala sisi Kijaluo na Kikalenjin hatuvijui.

Kwa likizo ya Agosti kila mwanachama ahoji mtu mmoja aliyezidi umri wa miaka 65. Juu ya ukurasa wa kwanza andika kijiji, tarehe ya mahojiano na lugha iliyotumika. Chini ya kila jambo linaloweza kuthibitishwa kwa karatasi, piga mstari kwa kalamu nyekundu. Hayo tutayatafuta kwenye Hansard na kwenye Gazeti Rasmi muhula ujao. Madaftari yaletwe kwa katibu wa chama wiki ya kwanza ya kufungua shule. Mwenye nyanya au babu anayeumwa asingoje Agosti.